Kabla ya Kubadili Asidi ya Seli ya Haidrojeni, Chunguza Anioni Yake

Wanaoanza kutafuta asidi mbadala kwa ajili ya seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, mara nyingi hunijia na jedwali la upitishaji wa protoni (chembe chanya za haidrojeni), wakitaka kuchagua asidi iliyo juu kabisa. Nawasihi waanzie kwenye katodi, yaani upande wa seli unaopokea oksijeni, kwa sababu kazi ngumu ya seli hizi hufanyika pale oksijeni inapokutana na platini, metali inayoharakisha mmenyuko, na huko anioni ya asidi, yaani sehemu yake yenye chaji hasi, ndiyo yenye kauli.

Asidi ya fosforiki, iliyozoeleka kwa miongo mingi, hustahimili nyuzijoto 150 hadi 200 za selsiasi, lakini fosfati zake hung'ang'ania uso wa platini na kuinyima oksijeni nafasi. Asidi ya salfuriki, aliyoitumia mwanasayansi William Grove katika betri yake ya gesi kwenye karne ya 19, hushambuliwa na haidrojeni joto linapopanda, na misombo ya salfa inayotokea huitia platini sumu. Asidi ya perikloriki haishiki platini, nayo hufaa kwa vipimo vya maabara. Hata hivyo, ikiwa nzito (yenye maji machache) na ya moto huweza kulipuka ikigusana na vitu vya kikaboni, kwa hiyo siikubali kamwe ndani ya seli yenye joto.

Asidi ya trifliki iliwatia watafiti matumaini makubwa, kwa kuwa oksijeni huitikia haraka zaidi ndani yake. Kabla ya kuunda seli nzima, mimi hudondosha tone la asidi juu ya karatasi ya kaboni iliyotiwa Teflon, plastiki inayofukuza maji. Tone la fosforiki hubaki limeviringana kama shanga. La trifliki nzito hutandaa, likazama, na hapo najua kwamba vinyweleo vya gesi vitafurika. Isitoshe, asidi hiyo huvukiza upesi.

Kwa maoni yangu, asidi ngumu, yaani zilizo yabisi badala ya kimiminika, zinastahili subira zaidi, hasa fosfati-dihaidrojeni ya sizi (CsH₂PO₄), chumvi ya metali ya sizi, ambayo hupitisha protoni vizuri ikizidi takriban nyuzijoto 230 na kuhitaji mvuke ili isipoteze maji yake. Mvuke huohuo ukigeuka kuwa maji seli inapozimwa huiyeyusha asidi hiyo, kwa hiyo pitisha gesi kavu kabla joto halijashuka, kisha upime upya ukinzani wa umeme wa seli kila unapoiwasha.