Chumba kimoja, fedha kidogo: maonesho ya tabianchi ambayo mgeni anayashika

Mkuu, umeuliza: makumbusho yenu ya wilaya huko pwani yametenga chumba kimoja kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, fedha zinatosha skrini mbili za kugusa, mziwekee nini? Kazi hii ya kuandaa maonesho nimeifanya pwani hukohuko, basi nivumilie nijibu kwa urefu.

Skrini acheni. Wageni wenu wengi watakuwa wanafunzi, na wanafunzi huja darasa zima kwa mpigo. Wawili watagusa, waliobaki watatazama migongo ya wenzao. Kisha kuna hewa ya chumvi, kuna umeme wa kukatika, na ikizima fundi yuko mjini.

Mimi nashikilia jambo moja: mgeni abashiri kwanza, ndipo aone. Mtu akishasema mbele ya wenzake kwamba itakuwa hivi, habanduki pale mpaka ajue amepata au amekosa. Ukimpa jibu kabla hajajiuliza, anasoma mstari mmoja wa kibao na kupita.

Anzeni na barafu. Chukueni vyombo viwili vya kioo, vyembamba, ili maji yakipanda kidogo yaonekane. Cha kwanza, barafu inaelea majini. Cha pili, barafu imekaa juu ya jiwe lililochomoza, haigusi maji. Usawa wa maji uwe mmoja. Kila mtoto achore kwa maka peni mahali anapodhani maji yatafika barafu ikiisha. Karibu wote wataweka alama juu kwenye vyombo vyote viwili. Barafu ikiyeyuka, cha kwanza maji yako palepale, cha pili yamepanda. Hapo kelele zinaanza, na mwongoza wageni anapata nafasi ya kueleza kwa nini barafu ya Greenland, iliyolala juu ya nchi kavu, ikiyeyuka yote ingepandisha bahari kwa takribani mita 7, wakati ile inayoelea baharini haina athari kubwa hivyo. Wekeni kitambaa karibu: kwa unyevunyevu wa pwani kioo kinatoka jasho na alama hazionekani. Andaeni pia seti nyingine iliyoanza kuyeyuka mapema, maana darasa halitasubiri.

Pembeni yake wekeni chupa iliyojaa maji ya rangi hadi shingoni, mdomo umezibwa kwa udongo wa kufinyangia, mrija umechomekwa katikati. Ikipata joto, maji yanapanda kwenye mrija bila mtu kuongeza hata tone. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na tangu 1971 karibu nusu ya kupanda huko ni maji kutanuka kwa joto. Watu wengi hawajawahi kuisikia habari hii.

Sasa, lazima mtu atauliza kuhusu Kilimanjaro, na hapa naomba muwe waangalifu sana. Mwaka 1912 barafu yake ilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zinashtua, lakini mtoto akitoka kwenye vyombo vya barafu ataunganisha mwenyewe kwamba barafu ya Kilimanjaro ndiyo inayokula fukwe zenu. Siyo. Ni kidogo mno kwa hilo. Tena kule kileleni sababu si joto la hewa peke yake: theluji imepungua, hewa imekauka, jua linaila barafu moja kwa moja. Andikeni hivyohivyo. Mkirahisisha, siku atakayojua ukweli hatawaamini tena kwa lolote.

Kisha leteni jambo la kwao. Kwa Zanzibar ningeweka mwani, kamba mbili zenye mafundo yake, moja ya spinosum na moja ya cottonii, aina mbili za mwani unaolimwa, watu washike. Cottonii ina bei nzuri zaidi ila haivumilii bahari ikipata joto, na wakulima, wengi wao akina mama, wameiona ikiwafia. Mgeni achague apande ipi, kisha abonyeze kitufe asikie mkulima mwenyewe akieleza yaliyompata. Sauti ya bibi wa kijijini kwao, kwa lafudhi yao, inawasimamisha watu kuliko kibao chochote.

Kuna jumba kubwa kule Bremerhaven, Ujerumani, lililofunguliwa 2009: mgeni anaifuata longitudo ya 8, anapita kwenye joto la Niger na baridi ya Antaktika, mwili wake wenyewe ukihisi. Fedha hizo hatuna, lakini beseni la maji ya vuguvugu na la maji baridi kando ya zile kamba za mwani linawezekana.

Karibu na mlango wa kutokea, wekeni karai la matope na mbegu ndefu za mkoko, zile zinazochipua zikiwa bado mtini. Mtoto abashiri upande upi unaingia chini, achomeke. Hapo elezeni habari ya Gazi, Kenya, ambako wanakijiji kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanaitunza mikoko, wanauza hati za hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, na fedha zinaingia kwenye maji na shule.

Kabla ya kununua chochote, hakikisheni mna friza, na mtajeni kwa jina mtu atakayegandisha barafu kila jioni. Hilo likikosekana, anzeni na mwani na mikoko, barafu ifuate baadaye.