Shokomzoba mpya, kelele zile zile

SWALI: Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Upande wa mbele kushoto hugonga kila ninapopita taratibu kwenye barabara ya vumbi yenye vishimo vidogo, lakini kwenye lami hutulia. Kwa ushauri wa fundi nilibadilisha shokomzoba zote mbili za mbele, na kelele hazikupungua hata kidogo. Sasa ananiambia ninunue stelingi reki, yaani kifaa kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu ya mbele. Je, nimsikilize?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole kwa gharama uliyokwisha kuingia, ndugu msomaji, na tafadhali usinunue reki kabla gari halijainuliwa na kukaguliwa. Shokomzoba iliyochoka huonekana kwa dalili zake: gari huendelea kunesanesa baada ya kuvuka tuta, mafuta huvuja, na tairi hulika kwa mabonde. Kugonga kwa harakaharaka katika mwendo mdogo mara nyingi hutoka kwenye stabilaiza linki, yaani kile kifimbo chembamba kinachounganisha shokomzoba na chuma cha stabilaiza, kile kinachozuia gari kulala upande kwenye kona. Mwombe fundi akifungue, kisha akishike mkononi na kukizungusha kichwa chake: kilicho kizima huwa kigumu kuzungushwa, na kilichokwisha hulegea na kuanguka kwa uzito wake chenyewe. Kipuri hiki ni cha bei ndogo sana kikilinganishwa na reki, nami ningeanzia hapo.

Muulize pia kama alipofunga shokomzoba mpya alirudishia maunti za zamani (vikalio vyenye raba vinavyoshika kichwa cha shokomzoba kwenye bodi), kwa sababu raba ya maunti ikichanika, shokomzoba hugonga hata ikiwa mpya. Fungua boneti, weka kiganja juu ya maunti, na mtu mwingine azungushe usukani gari likiwa limesimama. Ukihisi mruko badala ya mzunguko laini, tatizo liko hapo.

Baada ya hayo, gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Tairi likitikiswa kwa kulishika juu na chini na likacheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukikoma, beringi ndiyo mbovu, na ukiendelea, angalieni boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu upande wa chini), ambayo ikiwa imelegea gari lisiendeshwe hadi ibadilishwe, kwani ikichomoka gurudumu hukunjika. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, chunguzeni tairodi na reki endi (vifimbo vinavyounganisha reki na magurudumu), ambazo hubadilishwa bila kugusa reki nzima.

Ikidhihirika kwamba bushi (raba za maungio) za mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na fremu ya gari, zimepasuka, simama karibu wakati wa kuzifunga. Mafundi wengi hukaza bolti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, hivyo gari linaposhushwa raba hujisokota na kubaki imevutika kila siku, na bushi mpya huchanika mapema. Bolti hizo hushikizwa tu kwanza, gari likashushwa hadi likalie magurudumu yake, ndipo zikakazwa kabisa.