Barua kwa mwanangu: Sherrington na lile goti

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini mhadhiri wenu anamkuza Charles Sherrington, yule mtafiti Mwingereza wa neva, namna ile, wakati kugonga goti kwa kinyundo kulielezwa na Wajerumani wawili, Erb na Westphal, mwaka 1875, yeye angali kijana. Tarehe umezipatia. Ila hao wawili waliangalia mguu unaoruka. Sherrington alitaka kujua msuli wa nyuma ya paja unafanya nini wakati huohuo.

Jibu lake ndilo lililomjengea jina. Msuli wa mbele unapokaza, wa nyuma haukai tu ukingoja: uti wa mgongo unauzuia, unalegea. Kuzuia nako ni kazi ya neva, sawa na kuamrisha. Alilifuatilia jambo hilo miaka mingi akiwa Liverpool, makala baada ya makala, na mwaka 1906 akatoa kitabu chake kikubwa.

Mimi nimeliona wodini. Enzi zangu za unesi tulikuwa tukiletewa watoto wachanga wenye pepopunda, aghalabu kitovu kimekatwa kwa wembe mchafu. Mtoto ananyonya vizuri siku za mwanzo, kisha taya linagoma. Mlango ukibamizwa tu, mgongo unapinda kama upinde, ngumi zimekazwa, uso umekunjamana. Tulifunga mapazia na kuongea kwa kunong'ona. Sasa elewa hivi: sumu ya pepopunda haiongezi msuli nguvu. Inaondoa zuio, basi misuli ya mbele na ya nyuma inavutana kwa pamoja. Sherrington aliijaribu sumu hiyohiyo kwa wanyama, pamoja na strikinini, sumu itokayo kwenye mmea, na mwaka 1905 akaeleza kwamba pale msuli ulipopaswa kulegea, sasa unakaza.

Unalalamika pia kwamba aliipa sinapsi, yaani pale neva moja inapokutana na nyingine, jina mwaka 1897 bila kuiona. Kweli hakuiona. Aliijua kwa dalili: rifleksi, yaani mwitikio usiongoja kuamua, kama ule wa goti, ilichelewa kuliko muda ambao ujumbe hutumia kusafiri ndani ya neva yenyewe, tena ilipita upande mmoja tu. Picha za darubini ya elektroni zilikuja miaka ya 1950, naye alifariki 1952. Nobel alishaipata 1932, pamoja na Edgar Adrian, mtafiti mwenzake wa neva.

Kuhusu paka aliowakata ubongo katika majaribio yake, hata kama walilazwa kwa dawa kwanza, sitakulazimisha umpende. Mimi namheshimu kwa mengine. Miaka ya 1890 mtoto wa shemeji yake aliugua dondakoo; Sherrington akaenda usiku kumtoa damu farasi ambaye yeye alikuwa akimchanja kwa sumu ya ugonjwa huo, akaandaa kingasumu kutokana na damu hiyo, akampelekea. Mtoto akapona. Na wakati wa Vita vya Kwanza, profesa wa Oxford mwenye miaka 57, alikwenda kufanya kazi kama kibarua katika kiwanda cha makombora Birmingham ili ajue uchovu wa wafanyakazi ukoje. Ungempata nani hapo chuoni kwenu afanye hivyo?

Ukienda wodini na goti la mgonjwa likagoma, mwambie afunganishe vidole vya mikono miwili na avute, ndipo ugonge. Hiyo si ya Sherrington, ni ya daktari Jendrassik wa Hungaria. Muulize mhadhiri wenu kama naye anamkuza.

Mama yako