Tabo ya WRX nyumbani: anza na bomba la oili
Mkuu, tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) ya gari la Subaru Impreza WRX ya 2002 unaweza kuibadilisha mwenyewe hapo nyumbani, ila kwanza ujue kilichoiua ya zamani. Kwenye hizi injini za EJ20 bomba la oili linaloingia kwenye tabo lina boliti yenye kichujio kidogo cha wavu ndani. Kikiziba, tabo inakaukiwa oili, na mpya utaizika vilevile. Changu nilikikuta cheusi tii, kama masizi ya sufuria.

Nati za ekzosi zilowekee mafuta ya kutu usiku kucha, la sivyo utakata stadi, yaani zile boliti zinazoshika nati. Washa za shaba (vile vipete vya kuzuia kuvuja kwenye boliti ya bomba la oili) weka mpya. Kabla hujawasha injini, mimina oili safi kwenye tundu la oili la tabo, kata umeme wa pampu ya petroli, piga stata hadi taa ya oili izimike.