Ziwa lilipotapika

Mwanangu,

Swali lako nimelilaza siku tatu: miaka ile duka halina sukari wala sabuni, serikali ya Mwalimu ilishikilia nini hata isianguke? Nikianza na serikali sifiki. Acha nianze na bibi yako.

Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, alikuwa na doti sita za vitenge vya Zaire na katoni mbili za sabuni uvunguni. Mlanguzi hakuwa, unamjua. Alibadilishana dagaa na watu wa ng'ambo, basi. Lakini wakati ule sabuni ya akiba ilitosha kukupeleka ndani. Usiku akatutuma mimi na shangazi yako tukatupe ziwani. Sabuni ilizama. Vitenge, asubuhi tukavikuta vimejikunjua ufukweni, vyekundu na njano, mtaa mzima umesimama, na hakuna asiyejua ni vya nani.

Akaja balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani kwetu, yule mzee aliyetusomea majina kwenye foleni ya duka la ushirika. Akatazama, akasema, "Ziwa limetapika." Akaagiza vianikwe. Kesho yake doti moja ikarudi mlangoni kwetu, imekunjwa vizuri. Nyingine mkewe alivaa Idi, na bibi yako akamsifu!

Ndiyo maana nasema kila siku: foleni ilikuwa moja. Mtu huvumilia akimwona mwenzake naye kasimama. Vita vya Kagera vilikomba hazina, mafuta yakapanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977. Mwalimu akatuomba tufunge mkanda miezi 18, ikawa miaka, nasi tukakamua mawese tukapika sabuni wenyewe.

Ilikuwa moja kweli? Kuna mkubwa mmoja hapa mjini sikumwona foleni hata siku moja, na watoto wake walinukia sabuni ya kuogea. Na si kwamba wote walivumilia: mwanzoni mwa 1983 hiyohiyo walikamatwa wanajeshi na raia kwa madai ya kutaka kupindua. Tena utaniambia haikushikilia kitu: Mwalimu alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akang'atuka 1985, na 1986 Mzee Mwinyi akakubaliana nao. Maduka yakajaa. Sawa. Mbona chama kilibaki kilekile? Hapo ndipo narudi kwa yule balozi. Angepiga ripoti, bibi yako angefungwa, na mtaa wetu usingeiita tena serikali ile yetu. Kwa kuvunja amri yake aliisaidia, au aliidanganya. Nina jibu langu, lakini ukishalisikia utaacha kufikiri, nakujua.

Ile doti iliyorudi anayo shangazi yako. Mwezi wa kumi na mbili ukija mwombe akuonyeshe. Mimi nikiitaja ananuna, maana ndiye aliyesema tufunge mawe na mimi nikaona tunachelewa.

Baba yako,
Ujiji