Jibu: Mtetemo ni wa nyota yenyewe au ni mvuto wa mwenzake?

Mkuu, salamu. Nimekuelewa: nyota mbili zinazungukana, mwanga unatetemeka, hujui kama ni tabia ya nyota yenyewe au mwenzake anaijaza na kuipwesha kama mwezi unavyofanya kwa bahari. Hakiki kwanza muda wa mzunguko. Kisha zidisha kila masafa (idadi ya mitetemo kwa siku) kwa muda huo. Yakitoka namba kamili, mshuku mwenzake. KOI-54, jozi ya nyota iliyopimwa na darubini ya anga Kepler, huzunguka kwa siku 41.8, na mitetemo yake mikubwa miwili imeangukia 90 na 91. Mimi nilipoteza wiki nzima kwa muda uliokosewa kidogo tu: ukikosea siku 0.1 hapo, 90 inasomeka 90.2! Zisizo kamili usizitupe, zijumlishe mbilimbili: jumla ikiwa namba kamili, bado mshuku mwenzake. Za KOI-54, 22.42 na 68.58, zinaleta 91.