Shangazi, nashindwa kusema asante Yesu

Barua ya wiki hii imetoka Hombolo, nimeifupisha na kutoa vitu ambavyo vingemfanya mwenyewe ajulikane:

"Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, tunalima zabibu na mume wangu. Msimu uliopita wanunuzi walisuasua, nyingine tukauza kwa hasara nyingine zikaozea shambani, na tulikuwa tumeshachukua mkopo wa kausha damu, ile yenye riba kubwa, kwa ajili ya dawa na vibarua. Sasa mkopeshaji anapiga simu mpaka usiku, baba watoto haongei na mtu, na mtoto wa kwanza yuko fomu foo. Mi ni mwanakwaya. Kanisani wananiambia nishukuru kwa kila jambo nijitie moyo, ila nikisimama kwenye ushuhuda nikasema Mungu ni mwema najiona mnafiki. Silali. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Je, imani yangu imekufa?"

Marahaba mwanangu, mbukwa, na pole sana. Naanza na hayo maneno yako ya mwisho, kwamba unatamani ulale usiamke, maana mengine yote yanaweza kusubiri ila hilo halisubiri. Leo hii ukimaliza kusoma mwambie mtu mmoja kwa maneno hayohayo ulioniandikia mimi, mume wako, dada yako, au mama mchungaji kama ni mtu wa kutunza siri. Halafu nenda kituo cha afya uwaambie hulali na mawazo hayo yanakujia, usiwaambie kichwa tu kinauma. Wakikuandikia uende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, nenda. Najua huku kwetu Dodoma jina la Mirembe watu wamelifanya tusi, mtu akikorofisha kidogo tu utasikia huyu wa Mirembe, na hilo linaniuma kwa kweli, kwa sababu ile ni hospitali kama hospitali nyingine, kuna watu wanaonana na daktari pale wanapewa dawa wanarudi zao nyumbani kuendelea na maisha. Kwenda huko sio kupungukiwa imani.

Na kama unadhani mtu wa Mungu hawezi kuwaza hivo, fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka tu mlima Karmeli, moto umeshuka watu wote wameona, na muda si mrefu yuko jangwani chini ya mti anamwomba Mungu amtoe roho. Mungu hakumgombeza, wala hakumwambia ashukuru kwanza. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala akalala tena, malaika akaja mara ya pili akamwambia inuka ule maana safari hii ni kubwa kwako. Maneno mazito yalikuja baadae kule Horebu, mwili ukiwa umepata nguvu. Kwa hiyo kula mwanangu. Nawajua akina mama wa huku, shida ikiingia anawapakulia watoto yeye anabaki na chai ya rangi. Kula ugali wako na mlenda ushibe, na simu ya mkopeshaji ikifika usiku izime, deni halilipwi saa saba za usiku.

Sasa huo unafiki unaousema. Mi sioni unafiki, naona umefundishwa shukrani nusu. Umeambiwa kushukuru ni kusema niko sawa wakati hauko sawa, na hapo ndo roho yako inagoma na ina haki kugoma, kwa sababu kumdanganya Mungu sio ibada. Soma 1 Samweli 30 taratibu. Daudi na watu wake wanarudi Siklagi wanakuta mji umechomwa moto, wake na watoto wametekwa, na Biblia inasema walilia mpaka wakakosa nguvu za kulia. Hapo bado hakuna aliyejitia moyo. Wanaume wazima na silaha zao wanalia, halafu juu ya hayo watu wanapanga kumpiga Daudi mawe. Ni baada ya kilio hicho chote ndo unasoma kwamba Daudi alijitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Kilio kimetangulia, mwanangu! Wewe unajaribu kuruka kilio uende moja kwa moja kwenye wimbo, haiwezekani.

Na baada ya kujitia nguvu hakukaa akaimba mpaka jioni, alimuuliza Mungu niwafuate nisiwafuate, akajibiwa, akaondoka. Kuna kitu kingine hapo naona wahubiri wengi wanakipita haraka, kwamba kati ya watu 600 aliokuwa nao, 200 walichoka wakashindwa kuvuka kijito cha Besori wakabaki na mizigo. Daudi aliporudi na ushindi wapo waliosema hawa wasipewe kitu, yeye akakataa, akasema aliyekaa na vyombo apate sawa na aliyekwenda vitani. Kwa hiyo hata kama mwezi huu wewe ni wa wale 200, fungu lako lipo.

Wewe ni mkulima wa zabibu kwa hiyo Habakuki ni wako kabisa. Watu wanapenda kunukuu sura ya 3, pale anaposema hata mizabibuni kusipokuwa na matunda na zizini kusiwe na ng'ombe yeye atamfurahia Bwana, ni maneno makubwa na mi nayapenda mno. Ila rudi sura ya 1 uone alivoanza, analalamika wazi kabisa nilie hata lini na wewe husikii. Alianza na malalamiko, akasimama akasubiri jibu, akaja kufika kwenye furaha mwishoni, na hata hapo mwishoni hasemi mizabibu imezaa. Hakuna anayekudai useme zile zilizooza zilikuwa baraka. Zilikuwa hasara, mwambie Mungu hivohivo, kwa Kigogo kama ndo kinatoka vizuri.

Ukishamwambia, ndo utafute cha kushukuru, kidogo na cha kweli. Usiseme asante kwa yote, hilo ni rahisi na halishiki. Sema leo mtoto wa pili amecheka mpaka akapaliwa na maji. Sema jirani kaleta mboga bila kuombwa. Kitu ukione, ukiite jina, ufanye hivo jioni kabla giza halijaanza kukuletea mahesabu. Na jisemeshe mwenyewe kama mwandishi wa Zaburi ya 42, nafsi yangu kwa nini kuinama, umtumaini Mungu. Ukiangalia vizuri anairudia kauli hiyo mara mbili humohumo na mara nyingine tena Zaburi ya 43, yani hata yeye mara moja haikutosha, kwa hiyo usijilaumu ukijitia moyo asubuhi ikifika mchana umeshuka tena.

Kuhusu deni, kaeni wewe na mume wako muandike kwenye daftari mlichokopa, mlicholipa, kilichobaki, halafu nendeni wote wawili kwa mkopeshaji na mtu mzima mmoja wa kanisani, mkaombe ratiba mpya kabla ya msimu ujao wa kuvuna. Muulizeni leseni na mkataba, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu hawezi tu kuamka akakopesha watu bila leseni. Na msikope kwa mwingine ili kumlipa huyu, tafadhali sana. Msimu ujao ukihitaji mtaji onana na afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile mikopo ya vikundi vya akina mama ya halmashauri, ile haina riba.

Baba watoto kunyamaza hivo inawezekana nae analia kwa namna yake, wanaume wetu wamelelewa hivo. Usimhubirie. Mwambie tu na mimi naogopa, halafu uone.

Jumapili wakati wa ushuhuda, kama huna cha kusema kaa, hakuna dhambi hapo. Ukimpata mama mmoja unayemwamini mwambie akuombee kwa jina la shida yenyewe, deni na usingizi, asiishie kwenye "mahitaji binafsi". Na ukishatoka kituo cha afya niandikie walichokwambia, hata mistari miwili tu, nitakuwa nasubiri.